Pozishona kwenye bomba linalotetemeka: maswali ya mafundi

Pozishona ndiyo inayopokea ishara ya miliampu 4 hadi 20 na kupeleka hewa kwenye aktuata, yaani sehemu inayosukuma shina la vali, mpaka vali ifike inapotakiwa. Mtetemo ukiipata kabla haijafungwa vizuri, vali yote hupoteza adabu.

Nati za braketi inayoshikilia pozishona hulegea kila mara ingawa nimeweka springi washa. Nikaze zaidi? (Fundi, Ruaraka)

Usikaze zaidi. Mwili wa pozishona nyingi ni aluminiamu, na nyuzi zake zikichanika umeharibu kifaa kizima. Springi washa ikishalala bapa haina kazi tena. Mwaka 1969 Gerhard Junker wa Ujerumani alionyesha kwamba mtikisiko wa kando, unaosugua nati kulia na kushoto, ndio huifungua upesi kuliko mwingine wowote. Tumia washa za kabari zinazokuja mbilimbili, au gundi ya kufungia nyuzi ya nguvu ya wastani, baada ya kusafisha mafuta yote. Kaza kwa spana inayopima nguvu, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji. Kisha chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye braketi. Mstari ukikatika, nati imezunguka, na utaiona ukiwa umesimama mbali.

Kabla ya hayo yote, itazame braketi yenyewe. Kipande chembamba cha bapa kilichokatwa haraka na kufungwa kwa bolti moja kitapepea hata nati zikazwe vipi. Nataka braketi nene, iliyokunjwa pembe, yenye bolti mbili au zaidi, na ifungwe kwenye aktuata yenyewe, kamwe si kwenye bomba la jirani. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60534-6-1 kinaeleza namna ya kuifunga pozishona kwenye aktuata za mwendo wa kupanda na kushuka. Kifuate unapoagiza.

Paipu ya shaba ya hewa hukatika kwenye fitingi. (Lunga Lunga)

Shaba huchoka ikitikiswa. Malizia kwa hozi laini iliyofumwa kwa waya, ipe ulegevu, na kipande kigumu kilichobaki kibanwe kwa klipu. Waya wa umeme nao uachiwe kipinde chini ya glandi, pale unapoingilia kwenye pozishona.

Dada anauliza kutoka Embakasi: imekazwa barabara, lakini vali bado inapanda na kushuka ovyo.

Dada, weka mtambo kwenye udhibiti wa mkono na upeleke miliampu 12 zisizobadilika. Vali ikitulia, shida iko kwenye mipangilio ya kidhibiti kinachotuma ishara, si kwako. Ikiendelea kucheza, anza na mkono unaoipa pozishona habari za shina la vali. Pini yake husugua tundu mpaka likawa pana, na pozishona ikaanza kukimbiza mwendo usiokuwepo. Badilisha pini na springi yake. Hakikisha mkono uko pembe mraba na shina vali ikiwa nusu, kisha fanya kalibresheni upya.

Bosi hataki kulipia sapoti za bomba. Naweza kuihamisha pozishona? (Baba Dogo)

Unaweza, kama mtengenezaji wako anayo aina inayoacha sensa kwenye vali na pozishona ukutani. Lakini mwambie bosi wazi kwamba pakingi inayozuia uvujaji kwenye shina itaendelea kuliwa na mtetemo. Na ukisikia kama kokoto zinapita ndani ya vali, huenda ni viputo vya mvuke vinavyopasuka ndani ya kimiminika. Hapo vali ndiyo ichunguzwe kwanza: saizi yake, na tofauti ya shinikizo kabla na baada yake.