Kabla hujafunga mzigo wa hatari, soma ile herufi kwenye boksi

Mzigo wangu wa kwanza kurudishwa ulikua wa thina. Rangi tulishatuma mara nyingi tu kwa ndege bila shida, na rangi na thina zote zinaingia kwenye namba moja ya Umoja wa Mataifa (UN) ya kutambulisha vitu vya hatari, UN1263, basi nikachukua maboksi yaleyale ya siku zote, kila boksi nikapanga makopo manne ya lita tano, nikabandika stika ya moto, kazi imeisha. Mkaguzi wa kago alikuja na kalamu yake, hata hakufungua, akagusa yale maandishi madogo ubavuni mwa boksi yanayoanza na 4G/Z akaniuliza "hii Z ni ya nini?" Nikabaki kimya. Kusema ukweli nilikua najua ni namba ya kiwandani tu.

Iko hivi. Vitu vya hatari vina madaraja 9: vilipuzi, gesi, vimiminika vinavyowaka, vitu vikavu vinavyowaka (wamo hata wale wanaowaka wakiguswa na maji), vinavyochochea moto kwa oksijeni yake, sumu na vimelea vya magonjwa, mionzi, vinavyobabua kama asidi, alafu la 9 ni mchanganyiko wa waliobaki, betri za lithiamu ziko humo. Wengi tukishajua daraja tunaona tumemaliza, kumbe bado. Madaraja mengi, sio yote maana gesi kwa mfano hazina, yana makundi ya ufungashaji: I ni hatari kubwa, II ya kati, III ndogo. Kwa vimiminika vinavyowaka wanaangalia mvuke wake unashika moto kwenye joto gani. Kuanzia nyuzi 23 mpaka 60 ni kundi III, chini ya 23 ni II, na kama kinachemka kwenye nyuzi 35 au chini yake kinapanda mpaka I. Rangi yetu ilikua III, thina ni II. Namba ileile ndo iliniponza.

Sasa ile herufi: X inabeba makundi yote matatu, Y inabeba II na III, Z inabeba III peke yake. Wala sio urembo, boksi limedondoshwa kweli kwenye majaribio, la X kutoka mita 1.8, la Y mita 1.2, la Z sentimita 80 tu. Na hata ningekua na Y bado nilikua nimechemka, maana kwenye ndege ya abiria thina ya kundi II mwisho ni lita 5 kwa kifurushi, mimi nina 20, ilibidi niandike ndege ya mizigo tu.

Kwahiyo siku hizi kabla hata sijanunua boksi naomba SDS, yaani karatasi ya taarifa za usalama wa bidhaa, kwa aliyeitengeneza, naenda moja kwa moja sehemu ya 14, pale utakuta namba ya UN, jina la usafirishaji, daraja na kundi. Usichukue SDS ya bidhaa "inayofanana" uliyoikuta mtandaoni, na usidanganywe na jina la dukani. Pafyumu watu wanaiita kipodozi, kwenye usafirishaji ni UN1266, kimiminika kinachowaka.

Namba inayofuata baada ya herufi ni kilo za mwisho, uzito wa boksi pamoja na vilivyomo. Na boksi lilipimwa na vyombo vyake vya ndani, huwezi kutoa makopo ukaweka chupa za glasi kisa zinaenea. Karatasi ya maelekezo ya kufunga usiitupe, mpaka aina ya tepu imeandikwa humo. Mimi kila kopo nikishalifunga naligeuza juu chini kwenye kadibodi kavu nakunywa chai, nikirudi nikakuta hata doa moja, naanza upya. Jerikeni za plastiki angalia na tarehe, kwa kawaida mwisho wake ni miaka 5 tangu itengenezwe.

Alafu neno "tupu" muogope sana. Pipa lililokua na petroli bila kusafishwa bado ni mzigo wa hatari, stika zake zinabaki palepale, mvuke umejaa mle ndani. Mei 1996 ndege ya ValuJet namba 592 ilianguka Florida wakafa wote 110, chini kwenye mizigo kulikua na vifaa vya kuzalisha oksijeni ambavyo makaratasi yalisema ni vitupu, na havikua vitupu.

Kinyume chake nacho kipo, boksi la kutumia tena lenye stika za mzigo wa zamani wakati ndani umeweka nguo. Litazuiwa vilevile. Bandua, au ziba zisionekane kabisa, mimi natembea na makapeni nyeusi mfukoni kwa kazi hiyo tu.