Asha Wangu Si Yule Asha

Binti yangu anaitwa Asha, jina la mamangu. Maana yake sikuwahi kuitilia shaka: Asha ni Aisha wa Kiarabu aliyekaa pwani hadi akalainika, yaani aliye hai. Mzizi huohuo ndio uliotupa maisha na kuishi.

Siku moja, katika duka la vitambaa Mombasa, nikamwita kwa sauti aache kuvuta majora ya watu. Mwenye duka, mama wa Kigujarati, akainua uso. "Na dada yangu ni Asha! Tumaini, sivyo?" Nikamwambia kwetu sivyo. Akageuza risiti yangu, akaandika: આશા. Kila herufi akaifuatisha kijistari cha wima. "Hiki ndicho kinachovuta sauti. Aa-shaa."

Kijistari hicho kilinipeleka mbali. Mtandaoni utaambiwa kwa mkupuo mmoja kwamba Asha ni uhai, tumaini na ukweli, utadhani jina moja limejitwika yote. Siyo. Uhai ni wa Kiarabu. Tumaini ni āśā ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, neno ambalo Wahindi wanalo hadi leo. Mwimbaji Asha Bhosle, aliyezaliwa 1933, ana jina hilo. Ukweli unatoka kwenye Avesta, maandiko ya Wazoroasta, watu wa dini ya kale ya Uajemi, na ndugu yake katika Kisanskriti ni ṛta, wala si āśā. Hao watatu wamefanana sura tu, damu mbalimbali.

Kwa hiyo ukipenda jina la Kisanskriti, usianze na maana. Anza kwa kuuliza linaandikwaje kwao, na irabu ipi ni ndefu. Sisi tunaandika "kala" basi, lakini kwao kāla ni wakati na kalā ni sanaa; kistari juu ya irabu ndicho mvuto. Ukikosea mvuto, umempa mtoto jina jingine. Kisha fungua kamusi, achana na zile orodha za majina ya watoto zinazonakiliana. Mimi nilifungua ya Kisanskriti ya Monier-Williams, ile ya 1899, nikakuta āśā nyingine tena: pande za dunia, kama mashariki na magharibi. Hiyo sijaiona kwenye orodha yoyote. Na ukimpata mzungumzaji, mwombe alitamke mara tatu wewe ukisikiliza tu, kabla hujamwonyesha ulivyoliandika.

Mamangu, mwenye jina lake, nilimsimulia yote hayo jioni. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama yule mama alinipunguzia bei.