Kwa Mtafiti Mpya wa Lishe Pwani: Kaa na Wenyeji Kabla ya Kuandika Pendekezo

Mtafiti mgeni wa afya na lishe anayeanza kazi Mombasa hujifunza upesi habari za vibali, yaani idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya Kenya), na hilo silo gumu. Gumu ni kutambua kwamba vibali hivyo hukagua pendekezo la utafiti lililokwisha kuandikwa, ilhali makosa mengi yamo humo tayari.

Chukua dodoso la kukumbuka vyakula vya saa 24. Linataka kujua kila mtu alikula kiasi gani, lakini katika nyumba nyingi za huku watu huzunguka sinia moja, na mama hana njia ya kukadiria matonge ya mtoto mmoja. Kwa wavuvi, majibu ya wakati wa kaskazi, bahari inapoendeka, hayafanani na ya kusi, na ukiangukia Ramadhani nyakati zote za mlo hubadilika. Wazee na kina mama wa Kijomvu wangekueleza haya katika kikao kimoja, mradi uwaite mapema. Ukiwaita baadaye, kila badiliko itakubidi ulirudishe kamatini, na hapo ndipo wengi huona heri wanyamaze. (Ushirikishwaji wa namna hiyo mimi nauita pambo.)

Kuhusu damu, usimcheke anayekutajia mumiani. Wahavasupai, kabila la wenyeji asilia wa Arizona, Marekani, walitoa damu miaka ya 1990 wakiamini inachunguzwa kisukari, kisha ikatumika katika tafiti za skizofrenia (ugonjwa wa akili) na za asili ya kabila lao, mambo ambayo wanasema hawakuyaridhia. Shauri walilofungua mahakamani lilimalizwa mwaka 2010 kwa malipo ya dola 700,000 na kurudishiwa sampuli zao. Basi kubalianeni kwa maandishi damu itapimwa nini, itahifadhiwa wapi na kwa muda gani, na nani ataombwa ruhusa ikihitajika tena, kwa maana saini ya mtu mmoja haitoshi pale ambapo matokeo yatasema jambo juu ya ukoo mzima.

Mwisho, tenga katika bajeti nauli na chakula cha kikao cha kurudisha matokeo, kifanyike kabla ya makala kupelekwa jaridani, ili wenyeji wapate nafasi ya kupinga tafsiri yenu. Bajeti ikibanwa, kifungu hiki ndicho hukatwa kwanza. Kitetee sawasawa na gharama za maabara.