Ukali wa nani?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, wasioamini Mungu wapunguze ukali wanapojadiliana na waumini hadharani?" Jibu langu ni ndiyo, wapunguze. Mimi ni Mkristo wa Malindi, na huku kwetu jambo hili bado linauma.

Mwaka 2023, miili ikiwa bado inafukuliwa Shakahola, msitu ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga hadi kufa, palifanyika mdahalo katika ukumbi mmoja hapa mjini, kijana asiyeamini akikabiliana na mchungaji. Watu walijaa hadi madirishani. Kijana alianza vizuri kwa Ibara ya 32 ya Katiba, ile ya uhuru wa dhamiri na dini. Kisha akasema, "Waliofunga hadi kufa walishika Biblia hiyo hiyo mliyoshika ninyi." Akatabasamu. Safu ya mbele alikaa mzee aliyekwisha kutoa sampuli ya DNA, akisubiri kuambiwa kama bintiye na wajukuu wamo mochari. Mzee akainama, akaokota kofia yake chini ya kiti, akaanza kupenya katikati ya watu kuelekea mlangoni, mguu mmoja ukimsumbua. Kijana akaendelea kuongea. Mama aliyekuwa kando yangu akaguna, "Huyu hana wazazi?" Tangu hapo kijana hakusikilizwa tena. Hata alipouliza nani humkagua mhubiri anapowakataza wafuasi wake shule na hospitali, alizomewa. Mchungaji naye hakulijibu swali hilo. Alifungua Zaburi ya 14, ile ya mpumbavu asemaye moyoni hakuna Mungu, akamnyooshea kijana kidole, na ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi.

Sasa nikiandika haya nazidi kukasirika, na si kwa kijana peke yake. Mtu aliitwa mpumbavu mbele ya umati na hakuna aliyetaja adabu! Chama cha wasioamini kiliposajiliwa Kenya Februari 2016, usajili ulisimamishwa Aprili mwaka huo huo, eti kinahatarisha amani. Walikuwa wamemtukana nani? Na mwaka 2021 katibu wao alipojiuzulu akisema amempata Yesu, chama kilimtakia kila la heri hadharani. Sijawahi kuona kanisa likimuaga hivyo muumini anayeacha imani.

Kwa hiyo, ingawa nimeanza kwa kusema wapunguze, nikilazimishwa kuchagua kati ya ukali na ukimya, nachagua ukali. Shakahola imefukuliwa maiti zaidi ya 400, na huku pwani tulishazoea kumnyenyekea kila anayesimama na Biblia. Wamseme mhubiri, wayaseme mafundisho yake, hata kwa sauti ya juu. Ila palipo na mfiwa, kijana ashuke kwanza jukwaani, ampe mzee pole, amsaidie kufika mlangoni akitaka kutoka. Halafu arudi aulize tena nani humkagua mhubiri, na safari hii mchungaji asiruhusiwe kukimbilia Zaburi.