Rejista ya ubatizo: safu inayosahaulika ni ile ya pembeni

Karani mpya wa ofisi ya parokia hujua upesi kujaza jina, tarehe na namba. Safu ya maelezo huiacha tupu, na hiyo ndiyo anayoitafuta paroko anayeandaa ndoa. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 inataka kipaimara, ndoa, daraja takatifu (kama upadre) na nadhiri za daima za watawa viandikwe humo humo, kwenye rejista ya ubatizo.

Ndiyo maana cheti cha ubatizo kilichokaa sandukuni tangu utotoni hakifai kufungia ndoa: hakisemi lolote lililotokea baadaye. Toa kipya, kwa kawaida kinatakiwa kisizidi miezi 6. Nakili maelezo yote ya pembeni. Kama hayapo, andika "hakuna maelezo", maana nafasi tupu haionyeshi kama uliangalia.

Tatizo kubwa ni ndoa zilizofungwa parokia nyingine. Paroko wa kule hutuma taarifa kulikofanyika ubatizo (kanuni ya 1122), barua ikifika inatiwa kwenye faili isubiri nafasi, na nafasi haipatikani. Iandike siku hiyo hiyo, kisha jibu kwamba imeandikwa. Ukituma wewe, taja namba ya ubatizo na mwaka. Kina Maria Joseph ni wengi mno.

Orodha za wanaobatizwa anazoleta katekista kutoka vigangoni, yaani makanisa madogo ya parokia, zilinganishe na cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki kabla ya kugusa kitabu. Jina la baba lina masharti yake: wazazi wasipokuwa na ndoa, kanuni ya 877 inadai hati ya serikali, au baba mwenyewe atamke mbele ya paroko na mashahidi 2. Neno la shangazi halitoshi, hata akiwa mwenyekiti wa jumuiya.

Mtoto aliyebatizwa na muuguzi katika hatari ya kufa huandikwa kwa tarehe ile ya hospitali na jina la muuguzi, hata kama sherehe nyingine zilikamilishwa kanisani baadaye.

Ukikosea, usifute wala kupaka wino mweupe. Piga mstari mmoja unaoacha kosa lisomeke, andika lililo sahihi juu yake, paroko atie saini na tarehe. Kompyuta itumie kutafutia namba tu. Cheti kinakiliwe kutoka kitabuni.