Barua kwa mwanangu: kuhusu wasia ambao kazini wanataka kukulipia

Mwanangu,

Salamu nyingi. Unasema kazini wametangaza kwamba, pamoja na bima ya afya na ushauri nasaha, sasa kila mfanyakazi atalipiwa wakili wa kumwandalia wasia. Unajiuliza kama wewe una haja nao, maana nyumba huna, akiba ni ya kuungaunga, na kuzungumzia kifo ukiwa na umri huo unaona kama kujitakia uchuro. Umeniomba nikujibu waziwazi.

Kubali. Jiandikishe wiki hii hii. Ila kabla hujakaa na huyo wakili, nenda idara ya rasilimali watu ukaombe kuziona fomu ulizojaza siku ulipoajiriwa: ya pensheni, ya bima ya maisha, na ya mafao yanayolipwa mfanyakazi akifariki akiwa kazini. Tazama ni jina la nani limeandikwa pale kwenye mnufaika.

Nasema hivyo kwa sababu sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimaliza kwenye meza inayowapokea wafiwa. Kuna mama alikuja na cheti cha kifo cha mumewe kwenye bahasha, na mtoto mgongoni. Nikafungua faili, nikakuta fomu ya ukurasa mmoja: jina la mnufaika, uhusiano, asilimia, sahihi, tarehe. Jina lilikuwa la mama mzazi wa marehemu, asilimia 100. Fomu ile aliijaza angali kijana hajaoa, na huyo mama yake naye alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Malipo yakakwama, ndugu wakaanza kuvutana, mahakama ikaingia, na muda wote huo watoto walikuwa wanahitaji ada. Yule baba aliipenda familia yake sana. Ni kwamba tangu siku ile ya kwanza hakuna aliyemrudishia karatasi ile aiangalie tena.

Usidhani wasia peke yake ungemwokoa. Katika nchi nyingi, fedha ambayo umeshaiandikia mnufaika haipiti kwenye wasia kabisa, inakwenda moja kwa moja kwa aliyetajwa. Kule Marekani mfanyakazi mmoja wa kampuni ya DuPont aliachana na mkewe mwaka 1994, na kwenye hukumu ya talaka mke akaachia haki yake katika akiba ya kazini ya mumewe. Fomu ya akiba hiyo haikubadilishwa. Yule bwana alipofariki mwaka 2001, takriban dola 400,000 alilipwa mtalaka wake. Msimamizi wa mirathi, ambaye ni binti wa marehemu, akaenda mahakamani, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Mwaka 2009 majaji wakaamua kwamba kulipa kwa kufuata fomu kulikuwa sahihi. Sheria za kila nchi zina njia zake, lakini ukiwa na jina la zamani kwenye fomu, usitegemee kwamba talaka, ndoa mpya au wasia vitakurekebishia.

Utaniuliza, kama mafao yanafuata fomu, wasia ni wa nini? Ni kwa ajili ya mwanao. Unamtaja atakayemlea ikiwa wewe na mwenzako mtaondoka, na unamtaja atakayesimamia kile mtakachoacha, hata kiwe kidogo. Mahakama inaweza kuwa na neno la mwisho juu ya malezi, lakini maandishi ya mzazi yana uzito ambao maneno ya ukumbini siku ya msiba hayana. Si lazima mlezi na msimamizi wa mali wawe mtu mmoja. Yupo mwenye moyo wa kulea ambaye fedha haikai mikononi mwake, na ni vyema uliseme hilo kwa wakili bila haya.

Na usiniandike mimi. Najua ndilo jina lililokujia kwanza. Mwanao ana miaka mingi ya kukua, nami umri wangu unakwenda. Mtafute wa rika lako, umuulize kabla hujaandika, na umtaje wa akiba endapo wa kwanza atashindwa.

Kuhusu huyo wakili wa kulipiwa, mwulize kwanza mteja wake ni nani, wewe au mwajiri. Akuthibitishie kwa maandishi kwamba utakayomwambia hayarudi kazini. Huduma iliyopangwa vizuri humjulisha mwajiri idadi ya walioitumia tu. Muulize pia kama malipo yanahusu kuubadilisha wasia baadaye, maana utabadilika: ukioa au ukiolewa, ukipata mtoto mwingine, ukinunua kiwanja. England, kwa mfano, kwa kawaida ndoa inaufuta wasia ulioandikwa kabla yake, na wengi wanaishi bila kulijua hilo. Ukihama kazi je, nani anabaki na nakala halisi? Usikubali ibaki mahali ambapo nywila yako itafungwa siku utakapoacha kazi.

Kama wanachokupa ni programu tu ya kujaza majibu kwenye simu, kwa mambo mepesi inatosha. Ila ukiwa na mali nchi mbili, biashara ya ubia, au watoto wa mama au baba tofauti, dai kukaa na mtu.

Jambo jingine ambalo watu hulichukulia kirahisi ni mashahidi. Sheria ya wasia ya England, ya mwaka 1837, inataka mashahidi wawili walio pamoja wakati unatia sahihi, na shahidi aliyeachiwa kitu humo, au mwenzi wake, hukikosa kitu hicho. Kwako kanuni inaweza kutofautiana kidogo, lakini chukua watu wasiorithi chochote. Wenzako wa ofisini wanafaa sana kwa hilo, na hawana haja ya kusoma kilichomo.

Usidhani pia kwamba una uhuru wa kuandika lolote. Kwa Muislamu, wasia hauvuki theluthi moja ya mali, na kinachobaki kina mafungu yake. Ufaransa nayo mwenye mtoto mmoja hutengewa mtoto huyo nusu ya mirathi, na wenye watoto wawili ni theluthi mbili. Wakili asipokuuliza dini yako, ndoa yako na mali yako iko wapi, ujue anakujazia karatasi tu.

Mwombe vilevile hati ya kumpa mtu mamlaka ya kukusimamia ukiwa hai lakini hujiwezi. Wasia hauna kazi yoyote ukiwa umelazwa huna fahamu na kodi ya nyumba inadaiwa. Mimi naiona hati hii kuwa ya haraka kuliko wasia wenyewe, na kwenye matangazo ya namna hii mara nyingi haitajwi.

Habari ya uchuro naielewa, na sitaki kukubeza. Niliowahudumia pale mezani hawakufiwa kwa sababu mtu aliandika, na waliokuwa na karatasi zao sawa walirudi nyumbani kuomboleza. Wengine walikuwa wanarudi kwangu mwezi baada ya mwezi, na kila safari walikuwa wamepungua mwilini.

Ukishamaliza, niambie nakala halisi iko wapi na nani ana ufunguo. Yaliyomo sihitaji kuyajua. Ila matakwa yako ya mazishi usiyaweke humo ndani, kwa kuwa wasia mara nyingi husomwa watu wakishazika. Hayo niandikie mimi na mdogo wako pembeni, nasi yetu tutakuandikia.

Mzazi wako akupendaye