Rozimari: umande wa bahari usiopenda maji mengi

Jina la rozimari, mmea wa kiungo wenye majani ya kunukia, limetokana na maneno mawili ya Kilatini, ros na marinus, yaani umande wa bahari. Asili ya mmea huu ni pwani za Mediterania, kwenye majabali na udongo mkavu wa chokaa. Wapo wasemao kuwa jina hili maana yake ni waridi la Bikira Maria, lakini habari hiyo ilizaliwa masikioni mwa Waingereza: ros ikasikika kama rose, yaani waridi, na marinus ikavutwa hadi ikawa Mary. Inapendeza, lakini siyo chanzo cha jina.

Ukinunua mche, soma jina lake la kisayansi. Linnaeus, mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi, aliuita Rosmarinus officinalis mwaka 1753. Officinalis ni sifa iliyopewa mimea iliyotunzwa kwenye ghala za dawa. Mwaka 2017 wataalamu waliuhamishia kwenye jenasi (kundi la mimea yenye undugu wa karibu) ya Salvia, ndiyo maana siku hizi utakuta pia Salvia rosmarinus. Ni mmea uleule, usiulipie zaidi ukidhani ni aina mpya.

Mmea wa kuogopa, kwa kuwa unafanana na rozimari, ni Andromeda polifolia, ambao kwa Kiingereza huitwa rozimari ya kinamasi. Majani yake nayo ni membamba, kingo zimejikunja, upande wa chini ni mweupe. Una sumu inayoshusha shinikizo la damu na kupunguza mapigo ya moyo. Usionje ili kuhakikisha! Fikicha jani: rozimari halisi hunukia papo hapo, harufu kali inayokaribia kafuri. Kama hainukii, iache.

Sasa huo umande. Wengi wakilisikia jina humwagilia kila siku, na hapo ndipo mmea unapofia. Mizizi iliyozama majini hukosa hewa na kuoza, kisha majani hugeuka kahawia kana kwamba yana kiu. Mtu akiona hivyo anaongeza maji na kuumaliza kabisa. Chomeka kidole kwanza. Kama sentimita 3 za juu bado zina unyevu, subiri. Chungu kiwe na matundu chini, udongo uchanganywe na mchanga mnene nusu kwa nusu, na jua lipige angalau saa 6 kwa siku. Ukikuta mizizi tayari ni myeusi na laini, kata vichwa vya matawi ambavyo bado ni vya kijani, sentimita 10 hivi, pukuchua majani ya nusu ya chini, uvichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kidogo ili upate miche mipya. Usitegemee mbegu: huchelewa kuota, na nyingi hazioti kabisa.